Mwongozo kamili wa kuuza Kombi ya kulala uliyoifufua

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa embe sina ubishi. Kwa Kombi ya Volkswagen ya 1973 niliyoihangaikia miaka miwili, methali hiyo ilinigharimu miezi saba. Niliiegesha mbele ya gereji hapa Chumbageni, Tanga, rangi ya chungwa chini na nyeupe juu, inang'aa mpaka watoto wanajitazama ubavuni, nikangoja ijiuze. Watu walikuja, wakapiga picha, wakasifu, wakaondoka.

Sikuwa nimeelewa jambo moja. Kombi iliyochomelewa bati jipya na Kombi iliyojazwa puti, ule udongo wa kuziba mashimo ya bodi, zinafanana kabisa siku ya kuuzwa. Tofauti huonekana baada ya masika mawili, rangi inapovimba kama maandazi. Mnunuzi mwenye pesa anajua hilo. Ananunua kilichoko chini ya rangi, na kazi yako yote kama muuzaji ni kumwonyesha kilichoko huko. Tangu hapo nimeuza tatu, na hizi ndizo hatua ninazofuata.

Hatua ya 1: Anza na kadi, si na rangi

Mnunuzi wangu wa kwanza wa kweli alitoka Arusha na pesa zake. Alikagua gari saa mbili, akaridhika, akaomba kadi ya usajili. Akachuchumaa nyuma ya injini, akasoma namba taratibu, akainuka. Namba ya injini kwenye kadi haikuwa ile iliyokuwa ndani ya gari. Injini ilibadilishwa miaka mingi kabla sijainunua na hakuna aliyekwenda kuandikisha. Hakunituhumu, alisema tu kwamba hawezi kununua maneno. Alipanda basi la jioni.

Kwa hiyo, kabla hujaosha hata kioo, fanya haya:

Linganisha namba ya chesisi na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kwa Kombi za kizazi cha pili, zilizoanza kutengenezwa Ujerumani Agosti 1967 na kumalizika huko 1979, kuna kibati kidogo cha namba nyuma ya viti vya mbele, na namba hiyohiyo imegongwa kwenye bati ndani ya chumba cha injini, upande wa kulia. Kibati pekee hakitoshi, maana kinaweza kung'olewa na kupachikwa kwingine. Jifunze pia kuisoma, kwa sababu mnunuzi makini ataisoma mbele yako. Namba inayoanza na 233 inasema hivi: 23 ni aina ya Kombi, 3 ni toleo la 1973. Kadi ikisema gari ni la 1976 na chesisi inasema 1973, tatizo liko kwenye kadi, na ni lako kulitatua.

Kama injini, rangi au umbo limebadilika, andikisha mabadiliko. Itahitajika taarifa ya mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani kabla Mamlaka ya Mapato, TRA, hawajabadili kadi. Hapa ndipo Kombi nyingi za zamani hukwama. Ilitoka kiwandani ikiwa basi la abiria, leo ina kitanda na jiko. Na kama zamani ilikuwa ya kampuni ya utalii na bado ina namba nyeupe za biashara, shughulikia kuirudisha kwenye namba za njano za binafsi, au mwambie mnunuzi tangu simu ya kwanza.

Angalia madeni. Faini za trafiki na ushuru wa maegesho wa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, vinafuata namba ya gari, na mnunuzi anaweza kuviangalia kwa simu yake akiwa amesimama uani kwako. Lipa vyote, chapisha risiti.

Kama kadi bado ina jina la marehemu, au la mtu aliyemuuzia aliyekuuzia wewe, simama hapo kwanza. Mtafute mwenye jina, au msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na gari lihamie kwako kihalali kabla hujalitangaza.

Hatua ya 2: Tengeneza jalada

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha biashara yangu, kwa hiyo nivumilie nikiirefusha.

Nunua faili gumu la ofisini. Ndani yake weka picha zilizochapishwa, si za kwenye simu, za gari likiwa bovu. Picha za aibu ndizo zenye thamani. Weka ile inayoonyesha sakafu ya dereva imetoboka mpaka unaona changarawe. Weka ile ya bati la chini ya betri, ambalo tindikali hulila taratibu, na za vizingiti vya milango, matao ya magurudumu, mifereji ya paa, na pembe za chini za kioo cha mbele ambako raba ikichoka maji hutuama. Hayo ndiyo maeneo ambayo kutu hupenda kwenye Kombi, na kila anayezijua ataanzia hapo. Kila picha ya ubovu ifuatwe na ya bati likiwa limekatwa, kisha ya bati jipya likiwa limechomelewa bila rangi, kisha ya praima, yaani rangi ya msingi. Picha nne kwa kila sehemu.

Kama unasoma haya na Kombi yako bado iko kwa fundi bodi, chukua simu sasa hivi uende ukapige picha. Rangi ikishapita, nafasi hiyo hairudi.

Nyuma ya picha weka risiti, kuanzia bati na oksijeni hadi rangi, vioo, matairi na ufundi. Kwa mafundi wasiotoa risiti, mwombe aandike kwa mkono alichofanya, tarehe, na namba yake ya simu. Fundi wangu wa injini aliandika nusu ukurasa kwa kalamu ya bluu, na karatasi hiyo imesomwa na wanunuzi kuliko risiti zote.

Mwisho wa jalada weka ukurasa mmoja wenye kichwa "Mapungufu". Andika kila kitu usichokitengeneza. Wangu ulisema: mlango wa pembeni unahitaji kusukumwa kwa nguvu ili ujifunge, saa ya dashibodi haifanyi kazi, puti nyembamba ipo kwenye ubavu wa kushoto nyuma ya gurudumu, eneo la kiganja kimoja, kitanda si cha kiwandani bali kimetengenezwa na seremala kwa mninga. Rafiki yangu alinisihi niuondoe ukurasa ule. Nikauacha, na ndio uliowafanya watu waamini kurasa nyingine.

Hatua ya 3: Injini isikaguliwe na mnunuzi kwanza

Injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa haina rejeta wala maji. Inaishi kwa feni, kwa oili yake chache, takriban lita 2.5 tu, na kwa mabati yanayoizunguka kuelekeza upepo. Watu wengi wakirudisha injini huyaacha mabati hayo chini ya meza kwa kuona ni urembo. Si urembo. Yasipokuwepo, au ule mpira unaoziba mwanya kati ya injini na bodi usipokuwepo, injini inavuta tena joto lake yenyewe. Anayejua Kombi ataangalia mpira huo kabla hujawasha.

Badilisha mipira yote ya petroli na klipu zake, hata kama inaonekana mizima. Kombi nyingi zimeungua duniani kwa sababu ya mpira mkavu uliopasuka juu ya injini ya moto, na mnunuzi mwenye familia atakayelala ndani ana haki ya kuuliza. Weka risiti kwenye jalada na kizima moto karibu na mlango.

Rekebisha valvu injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla haijawashwa, uwazi wa 0.15 mm. Badilisha oili. Pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nne na andika matokeo. Shika puli kubwa ya chini ya injini uivute na kuisukuma. Ikicheza na kugonga, mnunuzi mjuzi ataigundua kwa mkono wake, kwa hiyo gundua wewe kwanza. Angalia matairi: tarakimu nne ubavuni zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa, na Kombi yenye mizigo inahitaji tairi za kubeba uzito, si za gari dogo.

Kisha ipandishe mlima. Mimi huenda Mombo na kupanda Lushoto, kilometa 30 na ushee za kona na mwinuko. Ikifika juu bila kupoteza nguvu, ikapumzika, ikawaka tena kwa mara ya kwanza, umeshapata video bora kuliko maneno yoyote.

Jambo moja la kukwepa: usipake rangi nzito nyeusi chini ya gari wiki ya kuuza. Chini kukiwa cheusi na kipya kuliko juu, kila mtu anajiuliza umeficha nini.

Hatua ya 4: Chumba cha kulala na jiko

Hii ni nyumba pia, si gari tu. Inua paa, ulifunge, uliinue tena mara kumi. Kitambaa chake kikinuka ukungu, kifue na kukianika juani siku mbili. Mwaga ndoo ya maji juu ya paa lililofungwa kisha pitisha kiganja ndani ya madirisha.

Mtungi wa gesi mdogo wa kilo 6 ukae kwenye kabati lake lenye tundu sakafuni, kwa sababu gesi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka. Badilisha mpira na regileta, pima maungio kwa povu la sabuni. Betri ya pili ya taa na friji iwe na fyuzi yake karibu na betri. Chora kwa mkono mchoro wa waya zote na uuweke kwenye jalada.

Hatua ya 5: Bei

Jumla ya risiti zako si bei. Inauma, lakini hakuna mnunuzi anayelipia usiku wako wa kutafuta raba ya kioo. Anza upande mwingine: itamgharimu kiasi gani mtu apate Kombi kama yako kwa njia nyingine? Kuagiza gari la umri huu kutoka nje kunakutana na ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Kununua bovu na kulifufua kunakula miaka. Hapo ndipo nguvu yako ilipo. Nyingine ni vipuri: Brazil iliendelea kutengeneza Kombi ya umbo hili hadi mwisho wa 2013, ndiyo maana bado vinapatikana. Sema hivyo kwa anayeogopa.

Andika bei tatu kwenye karatasi: ya tangazo, ya kufurahia, na ya mwisho. Ya mwisho asiijue dalali, asiijue jirani. Na usishushe bei kwa simu hata shilingi moja. Mtu ambaye hajaliona gari bado hajawa mnunuzi.

Ukitumia dalali, kubalianeni kwa maandishi asilimia yake na kwamba hataongeza cha juu. Nimeona gari likikataliwa kwa sababu mnunuzi aligundua bei ya dalali na bei ya mwenye gari ziko mbali, akadhani wote wawili ni matapeli.

Hatua ya 6: Tangazo

Piga picha asubuhi mapema au jioni, gari likiwa limekauka. Maji hung'arisha rangi, na wajuzi wanajua. Nje pembe zote nne, kisha chini ya gari, chumba cha injini, kibati cha namba ukiwa umefunika tarakimu za mwisho, sakafu zulia likiwa limeinuliwa, kitanda kikiwa kimekunjwa na kikiwa kimetandikwa. Rekodi video ya kuwasha injini baridi, ukianza kwa kuweka mkono juu yake kuonyesha ni baridi kweli. Maneno yawe mafupi. Langu la mwisho lilikuwa hivi:

"Kombi ya kulala, 1973, injini 1600, usukani kulia. Bodi imechomelewa bati jipya sehemu tisa, picha zote zipo. Paa linainuka, kitanda cha watu wawili, jiko la gesi, taa za sola. Kadi iko kwa jina langu, haina deni. Mapungufu yake yameandikwa, uliza nikutumie. Gari liko Tanga, njoo na fundi wako."

Hayo maneno manne ya mwisho yanachuja watu. Asiye na nia huishia hapo.

Litume wanakopita wanunuzi wa kitu hiki: Instagram na Facebook, makundi ya WhatsApp ya wapenda magari ya zamani, wenye hoteli za pwani, kampuni ndogo za utalii Arusha na Moshi, wakodishaji wa magari ya harusi Dar es Salaam. Anayeitaka Zanzibar mkumbushe kwamba usajili wa kule ni tofauti, ana hatua zake za ziada. Ukipata mnunuzi wa nje, mfano Uingereza ambako usukani pia uko kulia na gari lililopita miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara, usijifanye mjuzi wa forodha. Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni na gharama zake zikae kwa mnunuzi.

Hatua ya 7: Siku ya ukaguzi

Injini iwe baridi. Usiipashe asubuhi "ili iwake vizuri". Mnunuzi akigusa na kukuta joto, imani imekwisha. Tandika mkeka pembeni ya gari, weka juu yake tochi na sumaku ya kutafutia puti. Uko mbele ya mtu aliyetumia nauli, mrahisishie kazi.

Aliyenunua ile ya chungwa alikuwa mzee mstaafu, fundi wa zamani wa mashamba ya mkonge. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye tao la gurudumu. Hakuchukua sumaku. Alitoa bisibisi mfukoni, akaishika kwa upande wa chuma, akaanza kugonga bodi kwa mpini, taratibu, sikio limeegemezwa kwenye bati. Ko, ko, ko, mlango mzima. Alipofika nyuma ya gurudumu la kushoto sauti ikafa. Akagonga tena. Akanitazama.

"Ipo kwenye ukurasa wa mwisho, mzee wangu," nikamwambia. "Kiganja kimoja."

Akafungua jalada, akasoma, akapima kwa kiganja chake. "Bati hulia, puti hukaa kimya," alisema. "Basi sasa washa, kijana wangu."

Kwenye majaribio ya barabarani endesha wewe kwanza, injini ipate moto, kisha mpishe. Ona leseni yake na hakikisha bima yako ni hai. Kaa naye ndani, funguo ya akiba ibaki nyumbani. Usimwachie mtu gari kwa malipo ya awali, awe nani.

Hatua ya 8: Pesa na mkataba

Kiasi kikubwa kipite benki. Nendeni pamoja tawini, na usitoe kadi mpaka benki yenyewe ithibitishe fedha zimeingia kwenye akaunti yako. Ujumbe wa simu hautoshi, wala picha ya karatasi ya kuweka fedha.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na mashahidi wa pande zote mbili. Uwe na majina kamili, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) na za mlipakodi (TIN), namba ya usajili, chesisi na injini, bei kwa tarakimu na maneno, kilometa zilizosomeka, na nani analipa gharama za kuhamisha. Ambatisha ukurasa wa mapungufu na wote wawili muuweke saini. Hapo mnunuzi hawezi kurudi kudai ulimficha, na wewe huwezi kukana ulichoandika. Andika tarehe na pia saa ya kukabidhi, kwa sababu kosa la saa kumi jioni lisije kuwa lako kwa gari uliloliuza saa nane.

Hatua ya 9: Hamisha umiliki, usikabidhi kadi tu

Mtindo wa kumpa mtu kadi na "atabadilisha mwenyewe" umewaacha wengi wakidaiwa faini na maegesho ya gari walilosahau hata rangi yake. Shughulikieni TRA wiki hiyohiyo, mkiwa na TIN zenu, mkataba, kadi halisi na vitambulisho. Kuna ada ya kuhamisha na ushuru wa stempu unaokokotolewa kwa thamani ya gari. Kwa mazoea hulipwa na mnunuzi, lakini kinachohesabika ni kilichoandikwa kwenye mkataba. Wajulishe bima pia, kwa kuwa bima yako haimhamii mnunuzi yenyewe. Bakiza nakala ya kila karatasi.

Kukabidhi

Tenga nusu siku. Mfundishe kufungua paa, kufunga gesi kabla ya kuondoka, kupima oili kila anapojaza mafuta. Zaidi ya yote, mfundishe taa nyekundu ya chaji. Kwenye gari lingine taa hiyo ikiwaka unaweza kujikongoja mpaka nyumbani. Kwenye injini hii, mkanda unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni ya kupoza. Ukikatika, hana dakika nyingi. Azime injini palepale, pembeni ya barabara.

Mzee yule alijua injini za trekta, hii hakuwa ameishika miaka arobaini. Nilimpa mkanda wa akiba na spana namba 21, nikamwomba aubadilishe mwenyewe pale uani, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Alitumia dakika ishirini, akavunja ukucha mmoja, akaurudisha wa zamani chini ya kiti kama akiba. Ndipo nikampa funguo ya pili.